Ng'ombe Mwenye Chuchu Tano

Nina tabia moja ambayo mume wangu, Palmer, ameivumilia kwa miaka thelathini na minane: nikikasirika, sisemi. Wanawake wengine wakikasirika hutupa vyombo, angalau watu wakajua wakimbilie wapi. Mimi hunyamaza, na kimya changu kina meno. Mwaka ninaousimulia hapa kilimng'ata mtu asiye na hatia, na nusura kiondoke na chekechea nzima ya Nordby, mji wetu mdogo wa wafugaji.

Chekechea yetu ni chumba kimoja, watoto kumi na wanane, mwalimu mmoja na msaidizi mmoja. Msaidizi ndiye mimi, Marlys Tollefson. Kwa miaka kumi na tisa nimefunga kamba za viatu, nimefuta kamasi, na nimetoa punje za mahindi kwenye pua za watu ambao leo wana ndevu. Walimu ndio wanaokuja na kuondoka. Mmoja alishindwa na theluji. Aliyemfuata alipata mchumba Arizona, na sikumlaumu, nilimwona huyo mchumba kwenye picha. Wa tatu akawa Renata Kubiak, binti wa jijini Milwaukee mwenye miaka ishirini na sita, ambaye alishuka kwenye gari mwezi wa Agosti akiwa amevaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe! Nordby hii, ambako hata kanisani Jumapili hukosi mtu mwenye samadi kwenye soli.

Septemba mkuu wa shule, Bwana Hegge, alituita ofisini sote wawili.

"Sitawaficha," alisema. "Bodi imechoka kutafuta walimu wa chekechea. Huyu akishindwa, au akituacha, darasa linafungwa. Watoto watapanda basi kwenda Larkin."

Larkin ni dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi, na mtoto wa miaka mitano hawezi kuzuia mkojo dakika arobaini. Hilo nililijua kuliko bodi nzima ikikusanywa pamoja. Kwa hiyo asije mtu akasema sikujua kilichokuwa hatarini. Nilijua, tena vizuri.

Kila mwaka, Ijumaa ya pili ya Oktoba, tuna Siku ya Shamba. Wazazi wanakuja, wajumbe wa bodi wanakuja, na watoto wanazunguka kutoka meza hadi meza. Kuna meza ya kupukuchua mahindi na kuhesabu punje, meza ya kuchovya nusu ya tufaha kwenye rangi na kuigandamiza kwenye karatasi, na meza ya kugongomea vijiti kwenye boga, ambayo wavulana hawaitoki mpaka waburutwe. Na kwa miaka kumi na tisa kulikuwa na ng'ombe wangu, kwanza mama yake Clover, kisha Clover, niliyemleta mwenyewe na kumfunga kwenye uzio wa shule ili watoto wajifunze kukamua. Siku hiyo hakuna aliyemwona mwalimu. Watoto walinikimbilia mimi, wakanishika sketi, wakagombana nani asimame karibu na Bi Marlys. Siku nyingine zote mia moja na themanini mimi ni mtu wa kamasi. Siku hiyo nilikuwa malkia.

Basi Renata akaja na wazo.

"Bi Marlys, nimefikiria kitu kuhusu Siku ya Shamba," alisema, macho yakimng'aa. "Ng'ombe mmoja kwa watoto kumi na wanane, foleni ndefu, na ng'ombe akichoka wa mwisho hapati kitu. Mwaka huu nitatengeneza wa plaiwudi. Kila mtoto atakamua mpaka atosheke!"

"Wa plaiwudi."

"Eeh! Kiwele ni glavu ya mpira. Unaijaza maji yenye unga kidogo yaonekane meupe, unatoboa ncha za vidole kwa pini, mtoto anakamua, yanatoka. Nimeona picha. Inapendeza sana!"

"Basi hiyo ni tofauti," nilisema.

Kwetu ukimwambia mtu kitu chake ni tofauti, umemtukana, na mkwe anaweza kununa miezi sita kwa neno hilo. Lakini mtu wa Milwaukee atajuaje? Akanishukuru.

Jumatano jioni, siku mbili kabla ya Siku ya Shamba, watoto walipokwisha kuondoka, nilimkuta ng'ombe amesimamishwa katikati ya darasa. Haki ya mtu mpe: alipendeza. Mweusi kwa mabaka meupe, mkia wa kamba, kope za karatasi ndefu kama anaenda harusini. Chini ya tumbo ilining'inia glavu ya waridi, bado tupu. Renata alikuwa kwenye ubao akibandika picha za maboga. Mimi nikasimama mbele ya ule mnyama, na macho yangu yakafanya kile ambacho macho ya mtu aliyekulia zizini hufanya yenyewe bila kutumwa. Yakahesabu chuchu.

Tano.

Nikahesabu tena. Mkono wa binadamu una vidole vitano na ng'ombe ana chuchu nne, na mwalimu wangu hakuwa ameona tofauti. Dawa yake ilikuwa ndogo mno, unalifunga dole gumba kwa mpira, basi. Mpira wenyewe nilikuwa nao kwenye kifundo cha mkono, wa kufungia karatasi. Nilichotakiwa kufanya ni kuuvua.

Nikafikiria sura za wazazi Ijumaa. Nikamfikiria Clover zizini, hana kazi. Nikachukua koti langu.

Alhamisi aliniuliza mwenyewe, kwa mdomo wake: "Bi Marlys, mtazame vizuri. Kuna kitu nimesahau?"

"Mkia umeukaza vizuri," nilimwambia.

Ijumaa darasa lilijaa. Kina baba wenye kofia za kampuni za mbegu, kina mama na vikombe vya maji ya tufaha ya moto, na mbele kabisa, mikono nyuma, Orville Skaar. Orville ni mwenyekiti wa bodi. Ana ng'ombe mia mbili na maneno machache, na hayo machache huyatumia kukataa. Alizunguka meza zote bila kutabasamu. Alihesabu punje za mahindi nyuma ya mtoto mmoja, akakuta hesabu iko sawa, akaguna. Kwa Orville kuguna ni makofi.

Kisha Renata akapiga kengele. "Nani atakuwa wa kwanza kumkamua ng'ombe wetu?"

Hakuuliza mara mbili. Hattie Skaar, mjukuu wa Orville, alikuwa ameshafika. Hattie ana miaka mitano na sauti ya mnadi ng'ombe. Aligeuza ndoo akaikalia upande wa kulia, kama inavyopaswa, akaegemeza paji la uso kwenye plaiwudi, akaanza kufuta chuchu moja moja kwa kiwiko cha sweta. Wazazi wakacheka kwa kupenda. Hattie akafuta ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Halafu akaganda.

"Mwalimu," alisema, "ng'ombe wako mgonjwa."

"Mgonjwa? Ana nini, mpenzi?"

"Ana chuchu tano."

Kicheko kikapita nyuma ya chumba, kidogo, cha puani. Emmett, ambaye hukaa meza moja na Hattie na humpinga kila siku kama kazi ya kuajiriwa, akasogea kutazama.

"Hicho ni kidole gumba," alisema Emmett.

"Ng'ombe hana kidole gumba, wewe!"

"Anacho, si kile pale!"

"Na wewe una mkia?"

Renata akachutama, akatazama glavu, akatazama watoto. Uso wake ulikuwa wazi kabisa, hauna ujanja hata chembe.

"Kwani," aliuliza, "anatakiwa awe nazo ngapi?"

Mchungaji angesimama mimbarini akawauliza waumini Yesu alizaliwa mji gani, aibu ingekuwa ile ile. Kosa la glavu lingesameheka, watu wangesema ni haraka, watu wangesema ni urembo. Lakini swali lile lilitoka mdomoni mwa mwalimu, Nordby, mbele ya Orville Skaar. Nilimwona Orville anakunja uso.

Sitasema uongo: kwa muda wa kumeza mate mara moja, nilifurahi.

"Nne!" Hattie alipiga kelele. "Nne, Mwalimu! Kila mtu anajua!"

Renata alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Nikangoja alie, au aseme ameletewa glavu mbaya. "Mimi sikujua," alisema. "Asante, Hattie. Sasa tumsaidieje?"

Hattie hakuwahi kuulizwa swali tamu kama lile maishani mwake. Akasimama, mikono kiunoni.

"Tunaikata. Ndama akizaliwa na ya ziada, babu anaikata angali mdogo. Chwap! Wala halii." Akafikiri kidogo. "Analia kidogo."

Na ni kweli, hivyo ndivyo tunavyofanya. Tatizo ni kwamba mkasi wa kukatia karatasi ulikuwa mezani pembeni yake, na glavu ilikuwa imejazwa maji mpaka imevimba, na Orville Skaar alikuwa ameinama ili aone vizuri.

"Hattie, ngoja!" nilipiga kelele. Sauti ninayo, mnaona, nikitaka.

Chwap.

Sijui mpira ule ulikuwa wa kiwanda gani, lakini ulifanya kazi yake ya mwisho kwa moyo wote. Maji ya unga yakaruka kama bomba limepasuka, na yote yakachagua upande mmoja. Orville alipoinuka alikuwa mweupe kuanzia ndevu hadi buti. Tone moja lilikaa kwenye ncha ya pua yake, halina haraka.

"Si nilisema mgonjwa," alisema Hattie.

Watoto wakalipuka. Walicheka mpaka wengine wakalala chini kwenye maji. Emmett alikuwa akiruka na kuomba, "Tena! Mwalimu, tena!" Watu wazima hawakuthubutu, kila mmoja akimtazama Orville ajue kama kicheko kinaruhusiwa. Orville alitoa leso, akajifuta jicho moja, kisha la pili.

"Jumatatu, saa moja jioni," alimwambia Renata. "Kikao cha bodi, maktaba." Akamshika Hattie mkono, akatoka akiacha alama nyeupe za buti mpaka mlangoni.

Wazazi walipokwisha kuondoka tulibaki wawili na ndoo. Renata alikuwa amepiga magoti akikausha sakafu. Nikachukua tambara nami nikapiga magoti, upande wa pili wa dimbwi.

"Unajua kinachonichekesha?" alisema, na hakuwa akicheka. "Jumatano nilikuona umesimama mbele ya yule ng'ombe. Nikajisemea, Bi Marlys amemkagua, kama kuna kosa angeniambia. Basi nikaenda nyumbani nikalala. Nimelala usiku kucha, usingizi sijaupata hivyo tangu nije huku." Akakamua tambara. "Kumbe na wewe hukuona! Na zizi unalo nyumbani! Basi pole, Bi Marlys, tumeumbuka sote."

Alinipa pole. Alinyoosha mkono wake wenye maji akanigonga gonga begani, akinifariji mimi.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye nguo yake, na sikuweza kufungua mdomo. Safari hii haikuwa hasira. Ilikuwa aibu.

Jioni Palmer alinitazama nikizungusha chakula sahani nzima.

"Una nini?"

Nikamwambia yote, kuanzia glavu. Palmer ni mtu wa kutafuna, lakini nilipofika kwenye mpira wa kufungia karatasi aliacha kutafuna.

Lazima mwelewe jambo moja. Kwetu kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuhitaji kuisoma: ukimwona ng'ombe wa mtu barabarani, unasimama. Haijalishi umechelewa wapi, wala kama mwenyewe hamsalimiani. Palmer na Orville Skaar hawasemezani tangu ugomvi wao wa mpaka, yapata miaka ishirini. Lakini Palmer amerudisha ndama wa Orville mara mbili, na Orville alirudisha wetu mara moja, asubuhi ya Krismasi, akiwa na suti ya kanisani. Hawakuambiana kitu. Walifunga lango, basi, kila mtu akaenda zake.

"Ng'ombe wake alikuwa barabarani," alisema Palmer taratibu, "na wewe ukapita."

"Nilipita."

"Ulipunguza mwendo angalau?"

"Nilisimama, Palmer. Nikamhesabu. Halafu nikapita."

"Loo, Marlys," alisema. Katika miaka thelathini na minane hajawahi kulitaja jina langu vile, na asije akalitaja tena.

Jumatatu maktaba ilijaa. Viti vyote vya maktaba yetu ni vya watoto, kwa hiyo vikao vya bodi hufanyika magoti yakiwa karibu na masikio. Orville alikaa mbele kwenye kiti chekundu cha plastiki, na hakuna aliyecheka. Bwana Hegge aliandika. Renata alikaa peke yake karibu na rafu ya vitabu vya wanyama, mkoba umebanwa mapajani. Mimi nilikaa mstari wa nyuma, karibu na mlango, kama wakosaji wote.

"Sina ugomvi na maji," alianza Orville. "Suruali imefuliwa. Lakini tunataka kujua nani yuko na watoto wetu. Mwalimu hajui ng'ombe ana chuchu ngapi. Haya, ametoka mjini. Lakini msaidizi wake anakamua kila siku asubuhi, na yeye hakuona! Siku tatu ng'ombe yumo darasani, hakuna mtu mzima aliyeona. Kesho ni mtoto yuko barabarani, wataona?"

Renata alisimama. "Bi Marlys hana kosa," alisema. "Kazi ilikuwa yangu. Ningeuliza mapema."

Nadhani kama angenitupia lawama ningebaki nimekaa. Mimi najijua. Lakini kunitetea! Nilisimama haraka mpaka kiti kikanifuata, kimenikaba nyonga, ikabidi nikivue mbele za watu.

"Niliona," nilisema.

Orville akageuka.

"Jumatano jioni. Nilihesabu mara mbili, nikaona ni tano, na mpira wa kufungia nilikuwa nao hapa." Nikaonyesha mkono. "Alhamisi akaniuliza kama kuna kitu amesahau, nikamsifia mkia."

"Kwa makusudi?" aliuliza Orville.

"Kwa makusudi."

"Kwa nini?"

"Wivu, Orville! Unataka nikupambie? Miaka kumi na tisa watoto walinikimbilia mimi siku hiyo, na huyu akaja na ubao na rangi. Nilitaka aaibike. Sikutaka darasa lifungwe, nilitaka aaibike tu, kidogo, halafu Oktoba ijayo mniite na Clover wangu." Sauti ilianza kunikatika, nikaikaza. "Nilimwona ng'ombe wa jirani barabarani, nikapita. Sasa mnajua."

Bwana Hegge aliacha kuandika. Wanawake niliopika nao miaka yote kwenye chakula cha kanisa walikuwa wakitazama mikono yao. Renata ndiye pekee aliyekuwa akinitazama, na jinsi alivyonitazama sitaisahau, alikuwa kama mtu anayehesabu upya.

Orville alinyoosha magoti yake kwenye kile kiti chekundu.

"Mwalimu kutojua chuchu," alisema, "hilo linafundishika kwa dakika moja, na mjukuu wangu ameshalifundisha. Hilo lako, Marlys, sijui linafundishwa vipi."

"Hata mimi sijui," nilisema, nikaketi.

"Tangu Ijumaa Hattie amenisimulia mara kumi na moja," aliendelea Orville. "Hasimulii maji. Anasimulia kwamba mwalimu alimwambia asante, halafu akamuuliza tufanyeje. Huyo mtoto tangu azaliwe huwa anaambiwa nyamaza, Hattie. Na mimi ndiye ninayemwambia." Akaguna, lakini kwa namna nyingine. "Darasa libaki. Mwenye kupinga anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Lakini bodi ina kura ya darasa tu, haina kura ya moyo wa mtu, na Renata alitoka bila kumngoja yeyote. Nikamfuata. Nilimkuta kwenye maegesho, funguo mkononi, amesimama kati ya gari lake na langu. Majani makavu yalikuwa yakikimbizana chini ya magari.

"Kumbe uliona," alisema.

"Niliona."

"Na Ijumaa mimi nikakupa pole."

"Ulinipa."

"Nimekasirika, Bi Marlys."

"Una haki."

"Usinipe haki! Nataka kukasirika bila kupewa ruhusa na wewe."

"Haya. Kasirika."

Akapumua kwa nguvu. "Nina barua humu." Akaugonga mkoba. "Niliiandika Jumamosi. Ya kuacha kazi. Nilikuwa nimpe Bwana Hegge leo, hata kama wangesema nibaki."

Nikaona watoto kumi na wanane kwenye basi la Larkin, Hattie akipiga kelele dereva asimame, na mimi nimesimama uwanjani na tambara. Nilitaka kumwomba, nikaona sina uso wa kuomba.

"Na nakuonya mapema," alisema, kidole juu, "usije ukaniletea chakula. Nimeshawajua ninyi watu. Mkikosa hamsemi samahani, mnaoka."

Nikatupa jicho kwenye gari langu. Bakuli la chakula lilikuwa kwenye kiti cha nyuma, limefungwa taulo, bado la moto, na kioo cha gari kilikuwa kimeshika mvuke. Renata akafuata macho yangu. Akasogea, akachungulia.

"Nini hicho?"

"Viazi, nyama ya kusaga na jibini."

"Cha nani?"

"Chako. Lakini kama hukitaki, Palmer hajala. Na samahani, Renata. Hiyo nayo nimeisema kwa mdomo."

Akafungua mlango wa gari langu bila kuniomba, akalitoa bakuli, akalikumbatia kifuani.

"Kesho asubuhi, saa moja na nusu," alisema. "Tuna majani mia mbili ya kubandika madirishani, na siyabandiki peke yangu."

"Nitafika saa moja."

"Nimesema na nusu. Kabla ya hapo sitaki kukuona."

Huu ni mwaka wa nne sasa. Bakuli langu hajalirudisha. Kwetu chombo cha mtu hurudi, tena hakirudi kitupu, na mtu anayehama huzunguka mji mzima akirudisha vyombo vya watu kabla hajafunga mizigo. Langu liko jikoni kwake, juu ya friji, nimeliona kwa macho yangu. Mwaka jana aliniuliza kama nalihitaji. Nikamwambia nimenunua jingine, asijisumbue.